Mechi 45 za Willie O'Ree

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye uwanja wa hoki ya barafu na mpwa wangu, kikombe cha kahawa mkononi na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ana miaka 11, anacheza winga, na jezi yake ni namba 22, ambayo aliichagua mwenyewe. Mkenya mwenzetu mmoja, ambaye mwanawe yuko timu hiyohiyo, akamuuliza kwa nini 22. Mtoto akajibu kwa fahari kwamba ni namba ya Willie O'Ree.

Yule bwana akacheka. "Yule wa mechi arobaini na tano na magoli manne? Asingekuwa mweusi, nani angemjua leo?"

Mtoto akanitazama, akisubiri nimtetee mtu wake. Nilipandwa na hasira nikababaika, nisiseme la maana. Maneno yale yamenikaa kooni wiki nzima, na leo nayajibu.

Hesabu ni sahihi, sibishi. O'Ree aliingia uwanjani na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958, kule Montreal, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Msimu ule alicheza mechi 2 tu. Msimu wa 1960-61 akacheza 43, akafunga magoli 4 na kutoa pasi 10 za magoli. Kisha akauzwa kwa Montreal, na hakuichezea NHL tena. Ukiishia hapo unamwona mshambuliaji wa kawaida aliyepita.

Lakini huwezi kuishia hapo, kwa sababu mtu huyu alikuwa haoni jicho la kulia.

Akiwa bado ligi ya vijana, miaka miwili hivi kabla ya ile siku ya Montreal, kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kilimpiga usoni kikaua karibu uoni wote wa jicho hilo. Daktari akamwambia hoki basi. Baada ya wiki chache akawa amerudi kwenye barafu, na siri ile akaificha, kwa sababu NHL haikuruhusu mchezaji wa jicho moja. Makocha hawakujua, wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo hawakujua.

Nawaomba wale mnaopeleka watoto uwanjani mfikirie jambo hili polepole. O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Winga wa kushoto ana ubao, ule ukuta unaozunguka uwanja, upande wake wa kushoto, na uwanja wote uko kulia kwake. Pasi zinatoka kulia. Beki anayekuja kukubana mbavu ubaoni anatoka kulia. Na kulia kwa O'Ree kulikuwa giza. Ili aone kisahani kinakuja ilimbidi ageuze shingo mpaka jicho la kushoto lifike, huku anateleza kwa kasi yote aliyonayo na watu wazima wanamkimbilia. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye ligi iliyokuwa na timu 6 tu, nafasi za kazi zaidi kidogo ya 100 duniani kote. Hivyo ndivyo alivyofunga hayo magoli 4.

Baadaye, Los Angeles, kwenye WHL, ligi ya kulipwa iliyo chini ya NHL, kocha alimhamishia winga ya kulia. Sasa uwanja ukawa upande wa jicho linaloona. Msimu wa 1964-65 akafunga magoli 38 akawa mfungaji bora wa ligi. Msimu wa 1968-69, akiwa San Diego na miaka 33, akafunga 38 tena na kuongoza tena. Alicheza hadi 1979, akiwa na miaka 43. Ukihesabu ligi zote alizopitia, kazi yake ilizidi miaka 20. Hizo 45 ni kipande cha barabara ndefu, na tena kile kipande alichopita akiwa upande mbaya wa uwanja.

Sasa nirudi kwa "asingekuwa mweusi". Mwaka 1967 NHL ilipanuka kutoka timu 6 hadi 12. Nafasi ziliongezeka maradufu kwa siku moja, na moja ya timu mpya iliwekwa Los Angeles, mji uleule alikokuwa akifunga magoli. Hakuna aliyempigia simu. Nakubali kwamba alikuwa amevuka miaka 30, na vilabu vilipenda vijana. Lakini yeye hakuwa peke yake mlangoni. Kuanzia alipotoka mwaka 1961 hadi Mike Marson alipoingia na Washington Capitals mwaka 1974, NHL haikuwa na mchezaji mwingine mweusi hata mmoja. Miaka 13, timu zikifika 18! Na kabla yao wote kulikuwa na Herb Carnegie wa Toronto, mshambuliaji hodari aliyezeeka bila kucheza hata dakika moja ya NHL. Weusi wake haukumletea O'Ree mechi za bure. Ulimnyang'anya alizostahili.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. O'Ree alizaliwa Fredericton, New Brunswick, huko Kanada, na akajifunza kuteleza akiwa mdogo kabisa kama mtoto yeyote wa kule, lakini mashabiki walimpigia kelele arudi kusini mwa Marekani akachume pamba. Chicago, mchezaji mmoja alimpiga kwa mpini wa gongo, akamng'oa meno mawili ya mbele na kumvunja pua. O'Ree alirudisha pigo. Nami simlaumu.

Jezi yake Boston waliistaafisha Januari 2022, isivaliwe tena na mwingine, na tayari mwaka 2018 alikuwa ameingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Hoki, katika kundi la wajenzi wa mchezo, si la wachezaji. Nimefurahi, lakini imechelewa mno.

Mimi barafu niliiona kwa mara ya kwanza Nairobi, kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli Barabara ya Mombasa, mahali Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wanapofanyia mazoezi. Nilidhani huu ni mchezo wa watu wengine. Mpwa wangu hajawahi kudhani hivyo, na sitaki mtu mzima amfundishe.

Jumapili nilimsimulia habari ya jicho. Jumatano jioni tukaenda kwenye barafu ya wazi ya mtaani kwetu. Akaziba jicho la kulia kwa plasta chini ya kofia, akasimama winga ya kushoto, akaniambia nimpe pasi. Tatu za kwanza zilimpita bila kuziona. Ya nne ikamgonga gotini.

"Mjomba," akasema, "nipe nyingine."