Tulivyompenda Gurumo kwa kanda za wizi

Jumapili jioni nilikuwa kijiweni kwetu Ilala, si mbali na Amana. Mabenchi mawili, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, kashata kwenye sahani ya plastiki iliyofunikwa na gazeti la juzi. Pale kuna mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye hana habari na siasa wala Simba na Yanga. Yeye ni bendi tu. Simu yake ya batani, ile yenye sehemu ya kadi, ananing'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na ikishaanza kupiga muziki wa dansi haruhusiwi mtu kuongea mpaka tarumbeta zimalize. Siku hiyo kijana wa bodaboda akauliza, kwa nia njema kabisa: "Mzee, huyu Gurumo si ndiye yule aliyepewa gari na Diamond?"

Mzee akashusha kikombe. "Mwanangu, mtu kaimba miaka hamsini na zaidi, wewe umeshika gari?"

Tulicheka, lakini kijana hakuwa amekosea. Mwaka 2013 Maalim Muhidin Gurumo, mwimbaji wa bendi za dansi, alipotangaza kwamba anaacha jukwaa, habari iliyotembea mjini ni kuwa mzee kaimba zaidi ya nusu karne na hana usafiri. Diamond Platnumz akampa gari. Tarehe 13 Aprili 2014, Jumapili, mzee akafariki, akazikwa kwao Masaki alikozaliwa mwaka 1940. Masaki ya Kisarawe, jamani, siyo hii ya majumba ya ufukweni.

Sina ugomvi na lile gari. Lilikuwa jambo la heshima, na aliyelitoa alifanya ambalo wengi wetu hatukulifanya. Kinachonikera ni jinsi hadithi ilivyogeuka, mpaka mwimbaji mkubwa kabisa wa dansi katika mji huu amebaki kuwa mzee maskini aliyesaidiwa. Na hadithi hiyo inatupendeza sisi mashabiki kwa sababu ndani yake hatumo. Ngoja nifike huko.

Ukitaka kumjua Gurumo, waulize mashabiki, na uwaulize wakiwa wengi ili wabishane. Kila mmoja ana Gurumo wake. Wazee wenyewe kabisa wanakwambia Gurumo ni wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964. Alikuwemo tangu mwanzo, baada ya kupitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Wa umri wa kaka zangu wanakwambia acha hizo, Gurumo ni yule aliyetoka mwaka 1978 akaenda kuanzisha bendi ya Mlimani Park, wakawa na akina Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule, na mtindo wao ukaitwa Sikinde. Mimi nimeanza kusikia vizuri wakati wa mtindo wa Ndekule, baada ya 1985, mwenye bendi Hugo Kisima alipowachukua Gurumo na mwimbaji mwenzake Bitchuka kwenda kuunda Orchestra Safari Sound. Halafu kuna waliomkuta amesharudi Msondo, ile ile NUTA iliyobadili jina, nyumbani kwake pa kwanza, na hao hawataki kusikia kwamba aliwahi kuondoka. Siku Sikinde na Msondo walipokutanishwa ukumbi mmoja, watani wa jadi hawa, ungekuta upande mmoja unamzomea mtu ambaye ndiye aliyeusaidia kuzaliwa.

Hapo kijana wa bodaboda aliuliza jambo jingine, na hili lilikuwa zuri zaidi. Kama ni jazz, mbona haifanani na jazz ya Wamarekani? Kweli haifanani. Kwetu neno hilo liliingia mapema sana. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na baada yao karibu kila mji ukataka jazz yake: Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Jazz ilimaanisha bendi ya watu waliovaa vizuri, wenye magitaa na tarumbeta na saksafoni, wanaopiga muziki wa kucheza kwa jozi. Ndani yake mkaingia rumba la Kyuba lililosikika kwenye santuri, mkaingia Kongo, na chini kabisa zikakaa ngoma za nyumbani. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Uzaramoni, na Gurumo ni mtoto wa huko huko. Mzee wa cherehani alisema kwa kifupi: "Jazi ni jina la shati. Mwili ni wetu."

Sasa sauti. Gurumo hakuwa mtu wa kurusha sauti dirishani. Kule juu alikuwa Hassan Rehani Bitchuka, na jina la Stereo hakupewa bure. Gurumo alikaa chini, sauti nzito, ya mtu mzima anayekueleza jambo baada ya chakula cha usiku, watoto wameshalala. Anatoa mstari, anaziachia tarumbeta zijibu, ndipo anaongeza mstari mwingine, na haonyeshi dalili ya kuharakishwa na mtu. Dansi letu la zamani lina sehemu mbili. Kwanza kisa, taratibu, maneno yanasikika mpaka mwisho: mke kaondoka, ndugu wamegeuka, mtu kaenda mjini kasahau kwao. Kisha linaingia chemko, gitaa la solo linakimbia, tumba zinasukuma, na watu wanaziacha bia zao mezani. Vijana wengi wanaofufua nyimbo hizi kwenye harusi wanarukia chemko moja kwa moja. Wanamkosa Gurumo. Gurumo anaishi kwenye kisa, kwenye zile dakika tatu ambazo hakuna anayecheza vizuri kwa sababu kila mmoja anasikiliza.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani bandarini, tulikaa naye Keko. Alikuwa na redio ya National ya mlango mmoja wa kanda na sheria moja tu: mtoto asiguse. Mwaka 1988, akiwa kazini, niligusa. Nikaweka kanda yake ya Ndekule, nikabonyeza, na nusu ya wimbo redio ikaanza kuitafuna. Sauti ya Gurumo ikazama, ikazama, ikawa kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Nilipofungua mlango utepe ulitoka kama tambi. Nikaurudisha kwa kalamu, kipande kilichosagika nikakikata kwa wembe, ncha mbili nikaziunga kwa selotepu, nikairudisha kanda mahali pake na kwenda kucheza mpira kama mtu asiye na dhambi. Jioni baba mdogo akaipiga. Ilipofika pale, wimbo ukaruka. Alinitazama, akaufuata wimbo kwa kichwa mpaka mwisho, akasema, "Umemkata Maalim katikati ya neno." Hakunichapa. Nadhani ningependa anichape.

Mpaka leo wimbo ule ukipigwa mzima, pale penye kiungo changu nashtuka. Kumbe kulikuwa na maneno. Karibu mstari mzima, na mstari wenyewe ndio unaoeleza kwa nini yule mwanamke aliondoka.

Kanda yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Ilitoka kwenye duka la kurekodi kanda Kariakoo, kama za wenzetu wote. Unakwenda na kanda tupu, unaandika orodha ya nyimbo kwenye karatasi, jamaa ana deki mbili tatu nyuma ya kaunta, kesho unarudi kuchukua. Nyimbo nyingi walizinasa redioni. Tulilipa kanda, tulilipa kazi ya jamaa. Mwimbaji hakuwemo kwenye hesabu, na sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza.

Ukilielewa hilo, huhitaji kushangaa kwa nini mzee hakuwa na gari lake. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa wa mshahara. Gitaa, tumba na spika ni mali ya chama. Ukiondoka unaondoka na sauti yako na suruali yako. Huko Mlimani Park mambo yalikuwa yale yale, bendi ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Wimbo ukiiva mnakwenda kuurekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, maneno yakishakaguliwa kwanza. Redio inaupiga nchi nzima, na mtunzi anausikiliza kwake kama tunavyousikiliza sisi. Kiwanda cha santuri nchini hatukuwa nacho, watu walitegemea Kenya. Sheria ya hakimiliki inayojulikana leo, iliyoleta COSOTA, ni ya mwaka 1999. Mpaka inafika, Kariakoo ilikuwa imeshamrekodi Gurumo mara zisizohesabika.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema "serikali iliwatupa wasanii wa zamani", nakubali nusu. Nusu nyingine ilikuwa sebuleni kwa baba mdogo. Tulimpenda yule mzee kweli kweli. Majina ya watoto yametoka kwenye nyimbo hizo, ndoa zimesuluhishwa kwa kunukuu mistari yake, na misiba mingi ya mitaa yetu haikuisha bila mtu kuimba kwa sauti ya kuigiza ya Gurumo saa nane ya usiku. Na tulifanya hayo yote kwa kanda za wizi. Ukumbini angalau mtu alikata tiketi, na akiguswa alipanda jukwaani na noti kumtunza mwimbaji. Hapo penzi na pesa vilikutana ana kwa ana. Nyumbani tulibaki na penzi peke yake.

Na hili neno "zilipendwa" nalo sijawahi kulizoea. Zilipendwa na nani, zikaacha lini? Mzee wa cherehani hakuacha hata siku moja.

Nilimweleza kisa cha kiungo cha selotepu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akataka kujua ni wimbo upi. Nikamwimbia mwanzo wake, vibaya. Akaujua, lakini kwenye kadi yake hakuwa nao, na nikaona umemuuma. Mimi ninao, mzima, alinipa rafiki ambaye naye alipewa.

"Nirushie," akasema.

Nikawasha Bluetooth. Kijana wa bodaboda akatoa ya kwake. "Na mimi, kaka." Nikawarushia wote wawili, mzee akabonyeza, spika ikakwaruza kidogo, magitaa yakaingia. Kijana akafungua mdomo kuuliza kitu. Mzee akainua kidole. Tarumbeta zilikuwa hazijamaliza.