Mia Tano ya Buguruni

Kwa miaka mingi nimekuwa na orodha yangu ya siri ya kazi ambazo, zikifutwa leo jioni, kesho asubuhi hakuna atakayegundua. Aliyekalia kilele cha orodha hiyo alikuwa mpiga debe. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu, na sehemu ya riziki yangu hutokana na kuandika mwishoni mwa ripoti kwamba nafasi fulani haina tija. Kwa hiyo tabia ya kumtazama mtu akihangaika na shughuli yake huku nikijiuliza analipwa kwa lipi imenikaa mwilini, na hunifuata hadi kituo cha daladala.

Hoja yangu niliiona haina tundu. Daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni huingiwa kwa madirisha. Abiria mmoja hutanguliza mkoba ili umshikie siti, mwingine hutanguliza mtoto. Gari la namna hiyo lina haja gani na mtu wa kuita watu? Ni sawa na kumwajiri mtu awakumbushe nzi kwamba embe limeiva. Isitoshe, mwanzo na mwisho wa safari vimeandikwa mbele ya gari, na ubavuni umepigwa mstari wa rangi ya njia yake. Mke wangu, ambaye amekulia Ukonga, alikuwa akinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu neno moja tu: "Wewe hupandi gari mchana, ndiyo maana."

Nakiri kwamba katika mahubiri hayo nilikuwa nikiruka jambo moja. Jina lenyewe la daladala husimuliwa kuwa limetokana na kelele za watu hao hao: UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, ilipoelemewa na abiria, na mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa jijini mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na makonda wakawa wanainadi mlangoni. Sijui mkaguzi hata mmoja aliyewahi kuipa lugha yetu neno.

Sasa, Jumamosi moja ya Februari nilitumwa Feri kununua samaki. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Morogoro kukaa nasi wiki mbili, na alikuwa amesema atafika jioni. Nilichagua changu watatu wenye macho maangavu, nikawekewa barafu kwenye mfuko, na ilipofika saa nane mchana nilikuwa Buguruni, ndani ya gari la Gongo la Mboto, nimekaa siti ya dirishani kama mtu aliyebarikiwa.

Tulikuwa abiria sita. Dereva alikuwa amezima injini na kulaza kichwa juu ya usukani, na alipoulizwa tunaondoka saa ngapi alijibu bila kukiinua kwamba gari haiondoki mpaka ijae. Konda, kijana mwembamba mwenye mafua, alikuwa amepoteza sauti tangu asubuhi. Kila alipofungua kinywa kilitoka kitu kama mlango unaohitaji mafuta. Mpiga debe wa zamu alikuwepo, tena nilimwona vizuri sana, kwa kuwa alikuwa ameketi kwa mama lishe, hatua kumi na tano kutoka kwetu, akila wali maharage na mgongo ametugeuzia. Yeye na konda walikuwa wamegombana juu ya malipo ya gari lililotangulia.

Zikapita dakika arobaini. Bati la paa lilikuwa linatoa mlio wa kupanuka. Barafu yangu ilianza kudondoka, ikafanya kijito kilichopita chini ya siti na kuingia kwenye kandambili ya mzee aliyekaa mbele yangu, ambaye alitazama mguu wake, akautazama mfuko wangu, kisha akasema kwa upole, "Kijana, hawa samaki wako wanaanza kurudi baharini."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao hadi leo siwezi kuutetea. Nilimwachia mzee mfuko, nikashuka, nikasimama mlangoni na kutangaza kwa sauti ya kikao: "Ndugu wananchi, gari hili linaelekea Gongo la Mboto, na nafasi za kukaa bado zipo."

Hakuna aliyegeuka, isipokuwa mtoto mmoja aliyekuwa anatafuna muwa, na huyo alicheka hadi akapaliwa. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mama mmoja alisimama, akanisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama natoka kanisa gani.

Nilichojifunza katika robo saa iliyofuata sikukitarajia. Kwanza, jina la Gongo la Mboto halitangaziki likiwa zima. Ni refu, linakata pumzi katikati, na lazima ulimeze kichwa chake ndipo mkia utoke kwa kasi: ngolamboto, ngolamboto, ngolamboto. Pili, mtu anayetembea haitikii habari, anaitikia haraka. Ukimwambia siti zipo anaona ana muda wa kunywa soda, lakini ukimwambia imebaki moja, anakimbia. Nami nikasema imebaki moja. Nilisema hivyo kwa watu kumi na wanane, mmoja baada ya mwingine, mimi ambaye nimewahi kuandika barua ya onyo kwa sababu ya risiti ya mia nane. Tatu, na hili ndilo lililoniponza, mteja anayesitasita hapewi maelezo. Unachukua mzigo wake, ukatangulia nao, naye atakufuata.

Nilikuwa nimekwisha kuingiwa na roho ya kazi. Shati lilikuwa limetoka nje ya suruali na sauti ilikuwa imepasuka vizuri. Nikamwona mama mmoja mbele yangu, amenipa mgongo, ana tenga lenye jogoo mkono mmoja na kikapu cha machungwa mkono wa pili, anageuka huku na huku kama anayetafuta gari. Nikaruka, nikalishika tenga na kupaza sauti: "Twende mama, twende, ngolamboto hiyo, siti ya dirishani, imebaki moja!"

Akageuka. Jogoo naye akageuka.

"Shikamoo mama," nilisema, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikinadia, kwa kuwa nyingine nilikuwa sina.

"Marahaba, baba," alijibu mama mkwe polepole, macho yakishuka kutoka usoni kwangu hadi kwenye shati, na kutoka kwenye shati hadi kwenye mkono wangu wa kulia. Katika mkono huo, sekunde hiyo hiyo, konda aliyetokea nyuma yangu alikuwa anatia sarafu ya mia tano, ile yenye nyati, huku akininong'oneza kwa shukrani ya dhati: "Mzee, wewe noma. Kesho uje mapema."

Ningeweza kueleza. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Lakini mpiga debe halisi alikuwa amemaliza wali wake, na alinishika bega kutoka upande wa pili akitaka kujua mimi ni wa kijiwe gani na nani ameniandikisha, maana hapo kazi huenda kwa zamu na kila zamu ina mwenyewe. Alidai mia tano yake, nikampa. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba sauti yangu ni ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mama mkwe alisikiliza yote hayo bila kupepesa.

Tulipoingia garini ikabainika kwamba siti kweli ilikuwa imebaki moja, na ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeinadi mwenyewe. Mama akakaa, nami nikasimama juu yake nimekumbatia tenga, jogoo akinidonoa kifungo cha shati kuanzia Tazara hadi Kipawa. Konda alipopita kudai nauli, mama alitangulia kufungua kitambaa chake, akasema kwa sauti ambayo gari zima liliisikia: "Huyu kijana namlipia mimi." Mzee mwenye samaki alinitazama kwa huruma kubwa.

Usiku ule niliwasikia jikoni. Mke wangu alikuwa anaeleza, lakini alikuwa anaeleza huku akicheka, jambo ambalo halisaidii ushahidi. Mama alimjibu kwamba yeye hana neno, kazi ni kazi, na kwamba aliposikia mkwewe ni mkaguzi hakuwa amefahamu kuwa ni mkaguzi wa magari. Asubuhi nilikuta mezani chupa ya asali iliyochanganywa na tangawizi, na maelekezo: kijiko kimoja kabla ya kwenda zamu, kimoja baada ya kurudi.

Hadi leo akipiga simu kutoka Morogoro, baada ya salamu, swali la kwanza ni koo linaendeleaje. Nami humjibu kwamba linaendelea vizuri, kwa sababu mara ya mwisho nilipojaribu kumweleza kazi yangu halisi, alituma chupa ya pili.