Suruali Yangu na Ukuta wa Hadrian

Mjomba wangu ni fundi mwashi wa Tanga, miaka 40 kazini. Alipokuja kunisalimia Newcastle mwezi wa sita nilidhani atataka kuona uwanja wa mpira. Wapi! Alitaka ukuta. Alishasikia kwamba Kaisari Hadrian wa Roma aliamuru ujengwe mwaka 122, kilomita 117 kukata Uingereza ya kaskazini kutoka pwani hadi pwani, na vipande vyake bado vimesimama. "Mimi ukuta wangu wa Chumbageni ulipata ufa mwaka wa pili," akasema. "Nipeleke nikaone kazi ya wenzangu."

Sharti lake lilikuwa moja tu: picha za kutuma nyumbani tupigwe na nguo za heshima. Nikatoa suti yangu ya Kaunda, niliyoshonewa nikiwa na kilo 68. Kilo za sasa tuziache.

Treni hadi Hexham, kisha basi ambalo namba yake ni AD122. Ndiyo, mwaka wenyewe wa ukuta. Likatushusha Housesteads, penye ngome ya askari wa Kirumi kando ya ukuta. Ngome iko juu kilimani, unapanda kwa miguu katikati ya kondoo na mavi yao. Mjomba alipoufikia ukuta akapiga magoti, akapapasa mawe, akaanza kunifundisha kama kibarua wake: pande zote mbili mawe ya kuchonga, katikati wameshindilia kifusi. "Na jiwe lenyewe mtu mmoja analibeba. Hawa walijua kazi."

Nikamwacha anaendelea kupapasa, nikaenda kutafuta mahali pazuri pa picha. Palikuwa na ukuta mwingine, mfupi, wa kuzuia kondoo. (Wakulima wa huko kwa karne nyingi walijichotea mawe ya Warumi wakajengea mazizi, nyumba, hata makanisa.) Ulikuwa na kingazi cha mbao cha kuvukia. Nikainua mguu wa kulia.

Trrrrr!

Msidhani ni mshono tu ulioachia. Suruali iligawana, kila mguu ukashika njia yake. Upepo wa Northumberland, ambao mpaka hapo nilikuwa nausikia masikioni, ukanifikia kwingine.

Kwenye pembe ya chini ya ngome kuna choo cha askari. Nikakimbilia huko. Kimebaki mawe na mfereji, hakuna hata mlango. Nikabana mgongo ukutani. Hata pumzi haijatulia, wakaja watoto wa shule ya msingi kama 30 na mwalimu wao. Mwalimu akaanza: askari walikaa hapa bega kwa bega, hakuna pazia, wakajisafisha kwa sifongo iliyofungwa kwenye kijiti. Watoto wakanitazama. Nikatabasamu. Ningefanyaje?

Akaendelea: ngome hii ililindwa na Watungri, watu wa pande za Ubelgiji ya leo, lakini Roma iliokota askari kila mahali. Kule magharibi, Burgh by Sands, kulikuwa na kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini.

Vichwa 30 vikanigeukia tena. Kitoto kimoja kikanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu ni mmoja wao?"

Mwalimu akaiva uso. Akaniomba radhi, halafu akaniomba nisogee kidogo watoto wauone mfereji. Nikamwambia siwezi. Kabla hajauliza kwa nini, Mjomba akachungulia kwa juu nyuma yangu, akaona bukta yangu nyekundu.

"Alaa! Kumbe wewe Simba!" Mjomba ni Yanga wa kuzaliwa. "Miaka yote hii tunakula meza moja!"

Akanitupia kikoi alichojitanda kwa baridi. Nikakifunga chini ya koti la Kaunda, tukapanda basi hadi Vindolanda, ngome nyingine ya Warumi, ambako zimefukuliwa barua za wino kwenye vibao vyembamba vya mbao, zilizohifadhiwa na udongo wa maji usiopitisha hewa. Nikawa namtafsiria Mjomba maelezo. Kuna barua moja, ya kabla hata ukuta haujajengwa: mtu ametumiwa soksi, makubadhi jozi mbili, na chupi mbili.

Mjomba akanitazama kikoi kuanzia juu hadi chini. "Rudia hapo pa chupi."

Jioni nikafungua kundi la familia. Ameshatuma picha, sijui aliipiga saa ngapi. Ukuta hauonekani hata jiwe moja. Chini yake ameandika: "Simba huyo."