Tairi Moja Sifuri

Taa ya ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki ghafla, iliwaka siku ile ile fundi alipomaliza kunibadilishia beringi ya mbele kulia. Taa ya njano, haipigi kelele, ila inakukodolea macho safari nzima. Nikageuza gari, nikarudi gereji kule Tegeta. Fundi akachungulia dashibodi, akasonya. "Bosi, hii tunachomoa balbu tu, unalala usingizi."

Shangazi, niliyekuwa nampeleka Bagamoyo kwenye kikao cha harusi, akakataa katakata. Amefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na mtu anayefuta swali badala ya kulijibu hawaivi chungu kimoja.

Basi ikaletwa mashine ya kusomea makosa ya gari. Ikatoa namba ya kosa C0200, ambayo kwa Toyota ni sensa ya mwendo ya tairi la mbele kulia. Fundi akaichomoa sensa, akaipima kwa mita, akatangaza msiba: imekufa. Sensa yenyewe ilikuwa ya zile ambazo hazitoi neno mpaka zipewe umeme, kwa hiyo kuipima omu, yaani ukinzani wa umeme, ikiwa mkononi ni kumhoji mtu aliyelala. Bodaboda akatumwa Kariakoo, sensa mpya ikafungwa, hela ikanitoka. Taa ikabaki pale pale.

"Tuitembeze," akasema fundi. Breki za kawaida zilikuwa zinashika vizuri, ni ABS tu iliyojizima, kwa hiyo tukaingia Barabara ya Bagamoyo. Fundi kaketi kushoto kwangu, Shangazi nyuma kapakata mashine atusomee mwendo wa kila tairi. Alisoma kama anatangaza matokeo ya mtihani.

"Mbele kushoto 40! Mbele kulia sifuri! Nyuma zote 40!" Kimya kidogo. "Mwanangu, hili la mbele kulia limegoma?"

"Kanyaga, bosi," fundi akaninong'oneza. "Pengine inataka mwendo."

Nikakanyaga.

"58! Sifuri! 58! 58!"

Na trafiki naye akachomoza kutoka kivulini, tochi ya kupimia mwendo mkononi.

"Dereva, 58 kwenye 50. Leseni."

Kabla sijafungua mdomo, Shangazi alishashusha kioo. "Afande mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Hebu tazama hapa. Tairi tatu 58, moja sifuri. Jumla 174. Gawa kwa nne, unapata 43 na nusu. Sheria gani tumevunja?"

Afande akaipokea mashine, akaisoma yote kwa utulivu. Kisha akazunguka mbele ya gari, akalipiga teke dogo tairi la kulia.

"Hili?"

"Hilo hilo."

"Sasa mama, limefikaje hapa?"

Nimemjua Shangazi tangu nazaliwa, sijapata kumwona akikosa jibu. Faini ikaandikwa, 30,000, na namba ya malipo tukapewa.

Tuliporudi gereji, mzee mmoja fundi umeme, aliyekuwa jirani akinywa kahawa yake, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi: "Beringi mliifunga upande gani?"

Fundi wangu akacheka. Beringi ina upande?

Ile ina. Upande mmoja wa sili yake kuna pete ya sumaku, kaskazini na kusini zikipokezana kuzunguka duara zima, na sensa inahesabu zinavyopita mbele yake. Ikikosa cha kuhesabu, kompyuta inaamini tairi limesimama, inazima ABS na kuwasha taa. Kwa macho pande zote mbili ni nyeusi, zinafanana kama pacha.

Wakaifungua, habu, kile kitovu cha tairi, ikatolewa kwa presi. "Nipeni pini," akasema mzee. Shangazi akachomoa moja kwenye mtandio wake. Mzee akaigusisha upande unaotazama sensa: ikaanguka chini. Akaigeukia sura ya nje: pini ikanata tii.

"Hizi siku hizi zinakuja zimegeuzwa kutoka kiwandani," fundi wangu akajitetea. Hakuna aliyemjibu. Beringi ikishakamuliwa hivyo hairudishwi, kwa hiyo Shangazi akatoa kalamu, akaorodhesha nyuma ya bahasha ya mchango wa harusi: beringi mpya, sensa ambayo haikuwa na kosa, faini ya afande. Akapiga mstari, akajumlisha, akamkabidhi.

Fundi akaisoma, akakuna kisogo.

"Mwalimu, hii faini si tungeigawa kwa nne kwanza?"