Shabu (alum, ile ya kuzamisha tope kwenye maji) nayo haiui vijidudu, mbona mlonge tu ndo unasemwa?

Ukitaja mbegu za mlonge kwenye kusafisha maji utakutana na watu wa aina mbili, mmoja atakwambia mti huu unatibu kila kitu mpaka presha, mwingine atakwambia acha mambo ya kienyeji kanunue klorini. Huyu wa pili namwelewa kabisa ila naona hajautendea haki.

Chukua ndoo ya maji ya lambo, yale ya rangi ya chai ya maziwa. Yaache usiku kucha, asubuhi bado ni chai, maana chembe za udongo zote zina chaji hasi, zinasukumana, haziwezi kushikana zikazama. Protini ya mbegu ya mlonge ina chaji chanya, inazivuta zinashikana. Unamenya, unatwanga ile nyeupe ya ndani, gramu 2 hivi kwa lita 20, unachanganya na maji kidogo, unachuja kwa kitambaa ndani ya ndoo, unakoroga haraka haraka kisha polepole, unaacha saa moja au mbili. Tope linakatika kama maziwa yaliyoharibika, linakaa chini. Wanawake wa Sudan wanaochota Nile wanaijua hii kazi zamani. Na sio ndoo tu, kule Thyolo, Malawi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester waliijaribu kwenye mtambo wenye chujio la mchanga, maji yakaingia na tope la NTU (kipimo cha ukungu wa maji) 270 mpaka 380 yakatoka chini ya 4.

Sasa vijidudu. Bakteria wanapungua asilimia 90 mpaka 99 kwa sababu wamenata kwenye tope, wanazama nalo. 99 inasikika tamu eeh, lakini kama walikuwa laki moja bado umebaki na elfu moja, na hao elfu moja umewaachia chakula, yaani mabaki ya mbegu yenyewe, ukiyaweka maji hayo mpaka kesho wameshazaliana. Kwa hiyo ni ya siku hiyo hiyo, na lazima uchemshe au uweke klorini. Hapo wapinzani nawapa pointi zote.

Ila shabu nayo haiui vijidudu! Mitambo ya mijini inaweka shabu kwanza, klorini baadaye, na hakuna anayeiita ya kienyeji. Ukitupa kidonge cha klorini kwenye chai ya lambo inaishia kupambana na uchafu huku vijidudu vimejificha ndani ya tope.

Kwa mji mzima ni hesabu nyingine, miligramu 100 kwa lita ni kilo 100 za mbegu kwa kila lita milioni moja, kila siku, nani atazivuna na bei zenyewe wauza dawa za asili wameshaipandisha? Lakini mashudu yanayobaki ukishakamua mafuta yake bado yanakamata tope vizuri tu, kwa hiyo mafuta unauza, mashudu yanaenda kwenye ndoo.