Mtu mmoja sawa, ila umeme je?

Makala hii ya mtu mmoja kutengeneza filamu ya uhuishaji (katuni) peke yake ni nzuri, lakini mwandishi kapita mbio pale penye utamu. Gints Zilbalodis wa Latvia, aliyetengeneza peke yake filamu nzima ya uhuishaji, Away (2019), hakuweka mazungumzo hata kidogo. Hiyo ndiyo akili! Bila maneno huhitaji waigizaji wa sauti wala kuhangaika kulinganisha midomo. Muziki nao katunga mwenyewe. Dakika 75, picha 24 kila sekunde: piga hesabu, ni kama picha 108,000.

Ndugu uliyesema hapo juu kwamba huku kwetu Lubumbashi haiwezekani mpaka waje wafadhili, sikubali. Mkongo mwenzetu, mtengeneza filamu Jean-Michel Kibushi, alianza uhuishaji hapa Kongo zamani, hata kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Na Blender, programu ya kompyuta ya uhuishaji iliyotumika kwa Flow (filamu nyingine ya Zilbalodis; hiyo alikuwa na timu, ikapata tuzo ya Oscar 2025), ni ya bure.

Shida ni umeme, basi. Mpwa wangu wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, hutengeneza filamu yake ya uhuishaji usiku, watu wakishalala na umeme ukipata nguvu kidogo. Haiambii kompyuta itoe video nzima kwa mkupuo. Inahifadhi picha moja moja kwenye faili. Umeme ukikatika baada ya picha ya 212, kesho anaendelea na ya 213. Filamu yake bado fupi, lakini mbuzi aliyemo anachechemea vizuri ajabu!

Mwenye batri ya sola anayeuza kwa bei ya kindugu, aseme.