Kuponea si kushinda
Kichwa cha habari yenu kinasema ati rais Andrew Johnson "alilishinda" bunge la Marekani 1868, wapi bana, alishinda nini? Alimfuta Stanton waziri wa vita na sheria ilikuwa inasema Seneti ikubali kwanza, Stanton naye akakataa kutoka akajifungia ofisini (huyo mzee alikuwa noma), wabunge wakapitisha hoja ya kumng'oa rais na kwa Seneti ikawa 35 kwa 19, kura moja tu ndio ilikosa kufikisha thuluthi mbili, akaponea chupuchupu. Julai hiyo hiyo chama cha Democratic tiketi ya urais kikapea Seymour, Johnson akaachwa kwa mataa, Novemba Grant wa Republican akabeba urais. Aliyekuwa naibu rais wetu hapa Kenya, Gachagua, 2024 hata hiyo kura moja hakubahatika, maseneta walimwangusha usiku akiwa hosi. Mhariri badilisha hiyo kichwa.